Kiwango cha jeshi hakikuandikwa kwa ajili ya bunduki yako

Wiki hii nimeulizwa tena. Kijana wetu mmoja hapa Texas anataka kununua AR-15 yake ya kwanza, ile bunduki ya kiraia inayofanana na ya jeshi. "Kaka, hii imeandikwa kiwango cha jeshi. Si ndiyo bora?" Nimetengeneza bunduki miaka mingi, na maneno hayo yananiudhi kwa sababu mtu akishayasoma anaacha kuikagua bunduki iliyo mkononi mwake.

Kiwango cha jeshi ni masharti ambayo mzabuni akishindwa kuyatimiza, serikali hainunui. Akiyapita kwa mbali, haongezewi senti. Tena masharti yenyewe ni ya M4, bunduki ya askari wa Marekani, yenye mtutu wa inchi 14.5 na uwezo wa kupiga mfululizo. Wewe unanunua nusu-otomatiki, inayotoa risasi moja kila ukivuta kifyatulio, yenye mtutu wa inchi 16, maana ukipungua hapo sheria ya shirikisho inadai usajili wa pekee.

Inchi hiyo moja na nusu inabadilisha mambo. Bunduki hizi huendeshwa na gesi ya baruti inayochotwa kwenye tundu la mtutu. Kwenye M4 gesi hiyo inachukuliwa karibu na chemba, mahali risasi inapokaa, kwa mfumo mfupi wa inchi 7. Ukirefusha mtutu na kuliacha tundu la gesi palepale, risasi inachelewa kutoka, gesi inasukuma muda mrefu zaidi, na bolti, kile kipande kinachofunga chemba, inarudi nyuma kwa nguvu isiyohitajika. Bunduki inapiga bega zaidi na vipuri vinachakaa mapema. Kwa mtutu wa inchi 16 mimi huchagua mfumo wa kati, wa inchi 9. Lakini upana wa tundu nao una neno lake, na viwanda vingi haviuandiki popote. Wengine hulitoboa pana makusudi ili bunduki isikwame kwa risasi dhaifu za bei rahisi. Utaligundua ukishaipiga, yaani ukishalipa.

Chemba iwe ya risasi ya kijeshi ya 5.56 NATO, hiyo inapiga na .223 Remington, risasi ya kiraia inayofanana nayo, bila shida, wakati chemba ya .223 haifai kulishwa 5.56. Kromu au nitridi, yaani kinga ya chuma dhidi ya kutu na kuchakaa, ndani ya mtutu? Zote zinadumu kuliko mazoezi yako.

Kwenye bolti nina shaka ambayo wauzaji hawaisemi. Jeshi linataka chuma cha Carpenter 158, kijaribiwe kwa risasi ya shinikizo kubwa, kisha kikaguliwe nyufa kwa sumaku. Herufi MP zilizogongwa juu yake zinadai kuwa ukaguzi umefanyika. Chuma chenyewe sikijui kwa macho, wala fundi mwingine hakijui. Na bolti ya aina nyingine ya chuma, 9310, iliyopikwa vizuri tanurini naiamini kuliko Carpenter iliyopikwa ovyo.

Kitu unachoweza kukiona mwenyewe pale dukani ni kile kijibomba cha gesi juu ya kibebea bolti. Kimeshikwa kwa skrubu mbili. Kingo za chuma zinatakiwa ziwe zimegongwa kwa tindo mpaka zikang'ata vichwa vya skrubu, kwa kina, pande zote. Skrubu zikilegea gesi inavuja, na bunduki inaanza kukwama.

Ile ya kijana, mahali pa kugongwa tindo palikuwa na mikwaruzo miwili tu. Nilimwambia airudishe rafuni, atafute nyingine, na abakize fedha za kasha la kufuli na risasi za kutosha kujifunzia.