Sidiria ya lesi: usiongeze inchi 4

Wanaoshona sidiria za lesi nyumbani bado hurithishana kanuni moja: pima chini ya matiti, kisha ongeza inchi 4 upate saizi ya mkanda wa chini. Ni kanuni ya zamani, nayo hupotosha. Mwenye inchi 34 chini ya matiti na 38 kifuani atashonewa mkanda wa 38, tofauti ya kifua na mkanda iwe sifuri, apewe kikombe kidogo kuliko vyote! Ukiacha 34 ilivyo, tofauti ni inchi 4, yaani kikombe D. Uzito hubebwa zaidi na mkanda wa chini, si kamba za mabegani. Mkanda ukilegea hupanda mgongoni, na kamba huchimba mabega. Lesi inayovutika, itie bitana ya neti isiyovutika, la sivyo kikombe kitalegea.