Monita Haijafa: Dhana Potofu Kuhusu Skrini ya Nje ya Kompyuta Mpakato

Monita ikichomekwa kwenye kompyuta mpakato na kubaki nyeusi, hukumu haichelewi: "Hiyo imekufa." Mwingine atalaumu waya. Wapo wanaopatia, lakini mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kabla picha haijapita, vifaa hivi viwili husemezana kwanza. Ndani ya monita kuna kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, inayotaja aina yake, idadi ya pikseli zake na kasi inayoimudu. Kompyuta huisoma, ndipo iamue itume picha ya namna gani. Mazungumzo hayo yakikwama, kioo kizima kabisa huonekana kama kibovu.

"Imeandika No Signal, basi imekufa"

Monita iliyokufa haiandiki kitu. Maandishi hayo yenyewe ni ushahidi kwamba umeme unaingia, taa ya nyuma ya kioo inawaka na ubao wake una akili timamu. Inachosema ni kwamba kwenye tundu inalolisikiliza hakuna kinachokuja. Monita nyingi zina matundu zaidi ya moja, na ni jambo la kawaida kabisa waya kuwa kwenye HDMI ya pili huku monita yenyewe imeikodolea macho HDMI ya kwanza. Zipo zinazojitafutia, ila nazo huzubaa, hasa kompyuta ikiwa imelala wakati wa kuchomeka. Papasa vitufe vilivyo chini au nyuma ya ukingo, ingia kwenye menyu, tafuta Input au Source, uchague tundu mwenyewe.

Bado giza? Chomoa waya wa umeme wa monita, usubiri kama nusu dakika. Kuizima kwa kitufe tu huiacha imesinzia na mkwamo wake ndani. Kuikatia umeme huilazimisha ianze upya na kujitambulisha tena.

Kisha rudi upande wa kompyuta. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Utapewa njia nne: skrini ya kompyuta peke yake, picha ileile pande zote mbili, kutandaza kazi kwenye skrini zote mbili, au skrini ya nje peke yake. Mtu aliyewahi kuchagua ile ya kwanza alipokuwa akitumia projekta anaweza kulaumu monita siku nzima bila sababu. Isipoitika, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa, kompyuta italia kidogo, na draiva ya michoro, yaani programu inayoendesha picha, itaanza upya bila kufunga kazi ulizofungua. Hii ndiyo huduma ya kwanza ninayoipenda kuliko zote, na ajabu ni kwamba watu wachache wanaijua.

"USB-C ni USB-C, yote inatoa picha"

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na lawama si yao. USB-C, iliyotoka mwaka 2014, ni umbo la tundu. Umbo halisemi ndani kunapita nini. Ili picha itoke, tundu hilo lazima liwe limeundwa kubeba DisplayPort, yaani njia ya kidijitali ya kupitisha picha, au liwe la Thunderbolt, aina ya tundu la kasi lenye umbo hilohilo. Kompyuta moja inaweza kuwa na matundu mawili yanayofanana kama mapacha, moja likatoa picha na jingine likaishia kwenye chaji na mafaili. Angalia pembeni ya tundu: alama ya D na P zilizounganishwa, au mshale wa radi, ni dalili njema. Lakini si kila mtengenezaji anajisumbua kuichapa, kwa hiyo jedwali la sifa za modeli yako ndilo lenye neno la mwisho.

Halafu kuna waya wenyewe. Ule uliokuja na chaja ya simu mara nyingi ni wa USB 2.0: unapitisha umeme na data ya mwendo wa pole, lakini nyuzi za kasi ambazo picha huzitumia hazimo kabisa. Matokeo yake yanachanganya kweli. Monita inaichaji kompyuta vizuri, alama ya betri inaonyesha umeme unaingia, na kioo kimekauka. Mtu anajiambia, "Mbona inachaji, waya ni mzima." Ni mzima, ila si wa kazi hiyo. Tafuta uliotajwa waziwazi kuwa unabeba video, au uliokuja kwenye boksi la monita.

Kama tundu lako halitoi picha kwa namna yoyote, bado kuna adapta za DisplayLink. Hizo huibana picha na kuipitisha kwenye USB ya kawaida, ila zinahitaji draiva ya DisplayLink iwekwe kwenye kompyuta. Bila hiyo zinaweza kukaa pale kama pambo.

"Adapta hugeuzwa upande wowote"

Hapana. VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, hupeleka picha kwa analogi, yaani mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. HDMI ni ya kidijitali. Kati yao lazima pawe na chipu inayobadilisha, na ile inayotoka HDMI kwenda VGA haiwezi kurudi kinyumenyume. Hata nyaya zenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili kwa kawaida zina mwelekeo mmoja: DisplayPort kwenye kompyuta, HDMI kwenye monita. Ukizigeuza hupati kitu. Tukiwa hapohapo: HDMI ya kompyuta mpakato, isipokuwa kwenye mashine chache sana, ni mlango wa kutokea tu. Huwezi kuchomeka dekoda au kompyuta nyingine ili utumie kioo chake.

"Waya ghali, picha kali"

Picha ya kidijitali ikifika, imefika. Dhahabu kwenye ncha haiongezi rangi wala ukali. Waya uliozidiwa haukupi picha yenye uchovu kidogo. Unakupa vidoti vinavyomeremeta, mistari, au skrini inayozima sekunde moja na kurudi. Kinachofaa kuulizwa dukani ni uwezo. HDMI 1.4 hupitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, na hapo picha ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) huishia Hz 30, yaani kuchorwa upya mara 30 kwa sekunde. Utaona mshale wa kipanya ukijiburuza kama umelewa. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ilipanda hadi gigabiti 18, na 4K ikafika Hz 60. Toleo la 2.1 linafika 48. Kompyuta, adapta, waya na monita vyote lazima viwe na uwezo huo. Kimoja kikiwa cha zamani, vyote vinashuka nacho.

Kipimo rahisi: kama picha inakatikakatika, ishushe kutoka 4K hadi 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), au punguza Hz. Ikitulia, monita haina kosa; njia ndiyo nyembamba. Jaribu waya mfupi zaidi. Na usicheke hili: viti vya ofisi vya kupanda na kushuka kwa gesi vinaweza kutoa mshtuko wa umeme tuli mtu anapoinuka, na ukaingia kwenye waya usio na kinga nzuri hadi skrini ikazima kidogo. Kama giza lako linakuja kila unaposimama, sasa unajua pa kuanzia.

"Picha ina ukungu, kioo ni kibovu"

Angalia kwanza kama kompyuta inatuma idadi kamili ya pikseli za monita. Kioo cha 2560 kwa 1440 kikipewa 1920 kwa 1080 kitazitandaza kwa kukisia, na herufi zitavimba. Rangi zikipauka na nyeusi ikawa kijivu, huenda upande mmoja unahesabu mwanga, kutoka nyeusi hadi nyeupe, kwa kipimo cha 16 hadi 235 na mwingine 0 hadi 255. Hurekebishwa kwenye mipangilio ya kadi ya michoro au menyu ya monita. Kingo zikikatwa kwenye runinga, zima overscan, ile tabia ya kuikuza picha hadi ipite ukingo. Na monita ya Hz 144 haijipandishi yenyewe: Windows huweza kuiacha kwenye 60 hadi uibadilishe katika mipangilio ya kina ya skrini.

"Skrini ya pili haionekani, kwa hiyo tundu limeharibika"

Huenda ni kikomo cha mashine. MacBook Air ya chipu ya M1 au M2, kwa mfano, huendesha monita moja tu ya nje, hata ukiwa na adapta ya kawaida yenye matundu manne.

"Kioo cha kompyuta kikizima, mashine imekwisha"

Monita ndiyo shahidi wako hapa. Ichomeke, ubonyeze Windows na P, kisha mshale na Enter hata kama huoni kitu. Ikitoa picha safi, chipu ya michoro inafanya kazi na tatizo liko kwenye kioo cha ndani, taa yake au utepe unaopita kwenye bawaba. Nakili mafaili yako hapohapo, kabla hujampa fundi bisibisi.