Je, wajua kwa nini breki ya mbele ndiyo hasa inayosimamisha pikipiki?

Ukipita katika vijiwe vya bodaboda mjini Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, utawakuta madereva hodari wa kupenya foleni na kubeba mizigo ambayo hukutegemea kuiona juu ya magurudumu mawili, lakini wengi wao hurithishana mwiko mmoja: breki ya mbele usiiguse, itakurusha. Kazi yote huachiwa mguu wa kulia, na wapo wanaoulegeza waya wa breki ya mbele kwa makusudi ili vidole visije vikaibana kwa bahati mbaya. Mwiko huo una chembe ya ukweli ndani yake, ila kwa sehemu kubwa unakwenda kinyume na namna pikipiki inavyosimama.

Nadhani chanzo chake ni baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, na vijana wengi hujifunza kuweka mizani juu ya baiskeli kabla ya kushika pikipiki. Baiskeli ni fupi na nyepesi, na mwendeshaji wake huketi juu sana, kwa hiyo breki ya mbele ikibanwa kwa nguvu gurudumu la nyuma hunyanyuka kweli. Pikipiki imejengwa vingine. Injini yake nzito imewekwa chini, na umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mkubwa zaidi, hivyo kuipindua si rahisi kama watu wanavyodhani.

Sasa tuitazame sababu yenyewe. Abiria aliyesimama ndani ya daladala huyumba kuelekea mbele dereva anapofunga breki, kwa kuwa mwili wake unataka kuendelea na mwendo uleule. Kwenye pikipiki jambo hilohilo huupeleka uzito kwenye gurudumu la mbele, na ndiyo maana shokapu za mbele huzama wakati wa kusimama. Tuchukue pikipiki ya kawaida ya bodaboda ambayo, pamoja na dereva wake, ina kilo 190. Ikiwa imetulia, tuseme kilo 90 ziko mbele na 100 ziko nyuma. Ikifungwa breki kiasi cha kupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde, takriban kilo 60 huhama, na gurudumu la mbele hujikuta limebeba kilo 150 huku la nyuma likibaki na 40 tu. Tairi hushika barabara kwa kadiri linavyokandamizwa, kwa hiyo tairi la nyuma lenye kilo 40 haliwezi kuizuia pikipiki hata breki yake ikiwa mpya kabisa. Litafunga, litaburuzika, litaacha alama nyeusi juu ya lami, na pikipiki itaendelea kwenda.

Tofauti yake kwa mita inatisha. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, dereva anayetumia breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu anaweza kusimama ndani ya mita 16 hivi tangu breki ziliposhika. Anayetegemea breki ya nyuma peke yake hupata karibu nusu tu ya nguvu hiyo, na kwa hiyo huhitaji mita zaidi ya 30. Kabla ya hapo, kila mmoja wao ameshapitisha karibu mita 14 kwa sekunde moja ya kushtuka na kuamua. Mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambaye ripoti yake ya mwaka 1981 ilichunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, aliona mtindo huohuo kwa Wamarekani: madereva wengi waliopata ajali walikuwa wameibana mno breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzika, na breki ya mbele wakaitumia chini ya uwezo wake. India nayo, ambako hutoka pikipiki nyingi za bodaboda zetu, inataka tangu mwaka 2019 pikipiki mpya ndogo, zenye injini ya hadi cc 125, ziwe na breki zilizounganishwa, ili anayekanyaga ya nyuma aishirikishe ya mbele pia.

Ile chembe ya ukweli iko wapi, basi? Iko katika kushtukiza. Uzito hauhamii mbele papo hapo. Huhitaji kitambo kidogo, shokapu zikizama na tairi likitandazika juu ya barabara. Dereva aliyeingiwa na hofu akikifinya kikono cha breki kwa mkupuo mmoja, gurudumu la mbele hufunga kabla uzito haujafika, na gurudumu la mbele lililofunga haliongozi tena wala halisaidii mizani. Kuanguka hapo ni kwa haraka mno. Kwa hiyo breki ya mbele hubanwa kwa hatua mbili: kwanza wepesi, hadi dereva asikie pua ya pikipiki ikizama, kisha kwa nguvu inayoongezeka. Akisikia tairi la mbele linaanza kuteleza, aachie kidogo mara moja, kisha abane upya.

Hayo ni ya njia iliyonyooka. Katika kona tairi tayari limetumia sehemu ya uwezo wake kuipinda njia, na kinachobaki kwa ajili ya breki ni kidogo. Mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia. Vivyo hivyo kwenye reli zinazokatiza barabara, hasa nyakati za masika: breki hufungwa kabla ya kufika, kisha chuma chenye maji huvukwa kwa unyoofu pasipo kugusa breki yoyote.

Breki ya nyuma nayo ina siku zake. Kwenye mchanga mlegevu na matope, na katika mwendo wa polepole wa kugeuza, ndiyo inayofaa kutangulizwa. Abiria au gunia la machungwa ya Muheza huongeza uzito nyuma, na hapo mguu hupata kazi yenye maana zaidi, ingawa mzigo huo huo hurefusha safari ya kusimama. Wanaopakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwa mara moja, wanalijua hilo, wakikubali kulisema.

Anayeteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo hukutana na hali ngumu zaidi. Mteremko wenyewe umeshapeleka uzito mbele, kona zinafuatana, na breki inayoshikiliwa muda mrefu hupata joto hadi vitambaa vyake vipoteze mshiko. Hapo injini ndiyo ya kuzuia mwendo: gia hushushwa mapema, pikipiki haiwekwi huru ili kuokoa mafuta, na breki hutumiwa kwa vipindi vifupi kabla ya kila kona.

Kwa aliyezoea mguu pekee, mkono haujifunzi siku ya hatari. Mahali pazuri pa kuanzia ni uwanja mtupu ulio mkavu na tambarare, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, bila abiria, usukani ukiwa umenyooka. Kabla ya hapo fundi aukaze ule waya uliolegezwa, na aangalie kwamba kikono kikibanwa hadi mwisho hakigusi mshikio wa usukani, na kikiachiwa, gurudumu linazunguka bila kukwaruza.