Je, wajua kwa nini maji ya Tabora huchemka kabla ya kufika nyuzi 100?

Maji yanatokota, kipimajoto kinasoma 96. Mwanafunzi anasubiri dakika tano: bado 96. Anachochea moto, maji yanaruka na kupungua, kipimajoto hakisogei. Hapo wengi huamua kwamba kipimajoto ni kibovu au moto hautoshi, kisha wanaandika 100 kwenye jedwali kwa kuwa ndivyo kitabu kinavyosema.

Kipimajoto ni kizima. Moto nao hauna kosa: maji yakishachemka, joto lote unaloongeza linayageuza kuwa mvuke, haliyapashi zaidi. Kilo moja inakula jouli milioni 2.3 hivi mpaka iishe yote, bila kupanda hata nyuzi moja. Ukiongeza mkaa, utakausha maji mapema tu. Wala usidanganywe na viputo vidogo vinavyotokea mapema, kwenye nyuzi 60 hivi. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji.

Tatizo ni ile 100 yenyewe. Ni kiwango cha maji safi pale mgandamizo wa hewa unapokuwa milimita 760 za zebaki, yaani usawa wa bahari, na sharti hilo ndilo watu hulisahau. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari; ufukwe wa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, mita 770 hivi.

Chukua sufuria iliyofunikwa, na jiwe juu ya kifuniko. Jiwe likiwa zito, mvuke unahitaji joto zaidi ili ukiinue. Likiwa jepesi, kifuniko kinacheza mapema. Sasa ondoa jiwe na kifuniko. Mzigo bado upo: ni hewa iliyolundikana juu ya maji mpaka angani. Povu la mvuke linalozaliwa kwenye kitako cha sufuria hudumu pale tu mvuke wake unapoweza kuubeba mzigo huo. Kabla ya hapo linafinywa na kupotea, na ndiko unakotoka ule mvumo wa maji yanayokaribia kuchemka. Dar es Salaam maji yamebeba lundo zima. Tabora, sehemu ya chini ya lundo, ambayo ndiyo nzito zaidi, imebaki bondeni. Zebaki ya kipimo cha mgandamizo wa hewa inasimama karibu milimita 660, na mvuke wa nyuzi 96 unatosha. Kigoma ni 97 na kitu.

Hesabu huumia zaidi kwenye kuweka alama kwenye kipimajoto ambacho bado hakina alama. Tuseme uzi wa zebaki unasimama sentimita 2 kwenye barafu inayoyeyuka na 22 kwenye mvuke. Ukiiita alama ya juu 100, kila sentimita ni nyuzi 5. Kwa Tabora ni 96 gawanya kwa 20, yaani 4.8. Uzi ukisimama kwenye 12, aliyeiita alama ya juu 100 ataandika 50, aliyeiita 96 ataandika 48, na huyo wa pili ndiye aliyepata. Alama ya barafu haihitaji marekebisho, maana mgandamizo wa hewa karibu hauigusi. Ncha ya kipimajoto iwe ndani ya mvuke, isiguse maji, maana maji yenye chumvi huchemka juu zaidi: gramu 58 za chumvi katika kilo ya maji hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1 hivi.

Maharage nayo hukawia kuiva kwenye nyuzi 96, ingawa umri wake na kulowekwa vina uzito mkubwa pia. Sufuria ya presha inarudisha jiwe juu ya kifuniko, na maji ndani yake hupita 110 kabla ya kuchemka.