Samaki wa kuitia na chambo

Wiki jana ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp: "Jumamosi tunachonga, gereji kwangu. Kila mtu aje na chambo zake." Kijana mmoja wa kutoka Kisii, ambaye hii ndiyo baridi yake ya kwanza hapa Minnesota, Marekani, akafika saa nne kamili na kikopo cha minyoo. Tulicheka hadi shemeji akatoka jikoni kuchungulia. Kijana kasimama mlangoni, kikopo mkononi, hajui amekosea wapi. Na kweli hakukosea. Aliambiwa chambo, akaleta chambo. Walioharibu lugha ni sisi wenyeji wake.

Kitu chenyewe hakina maelezo marefu. Ni samaki wa mbao, hana ndoana popote, anayening'inizwa kwa uzi majini, chini ya tundu lililokatwa kwenye barafu. Mvuvi amekaa juu ya tundu hilo ndani ya kibanda kisicho na dirisha, mkuki tayari. Samaki wa kweli akisogea kumtazama huyu wa mbao, anachomwa. Kiingereza humwita decoy. Sisi kwa uvivu tumemwita chambo, na wanaojiona wajuzi zaidi husema chambo bandia, ambalo ni kosa lile lile limevalishwa tai.

Chambo (wingi wake vyambo, na hiyo "chambo zake" tuiache kwa leo) ni kile ambacho samaki anakuja kukila. Mvuvi wa pwani anatia kipande cha ngisi kwenye ndoana: chambo. Anaponda konokono na mwani akaweka ndani ya dema, ule mtego wa kusukwa: chambo. Hata kile kidude cha plastiki chenye rangi za kung'aa na ndoana tumboni, kinachouzwa kila duka la vifaa vya uvuvi huku, ni chambo, na hapo neno bandia limekaa mahali pake, maana samaki anauma na ndoana inamshika. Katika chambo, kinachovuta na kinachonasa vimefungwa pamoja. Samaki akishameza, mvuvi anaweza kuwa amelala.

Sasa mtazame samaki wa mbao. Hana cha kunasa. Paiki, yule samaki mrefu mwenye mdomo wa bata na meno ya mbwa ambaye ndiye tunayemwinda, anaweza kumzunguka robo saa nzima kisha akaenda zake salama salimini. Kinachoua kiko mkononi mwa mtu, na mtu anaweza kuamua kutoutupa mkuki. Uamuzi huo ndio uvuvi wenyewe. Sheria ya Minnesota inaruhusu kumchoma paiki kwa mkuki, ila binamu yake maski hairuhusu, na wawili hao kwa kuwatazama kutoka juu wanafanana kama watoto wa mama mmoja. Paiki ana madoa meupe-meupe juu ya mwili wa kiza. Maski ana alama za kiza juu ya mwili mweupe. Aliyenaswa na ndoana humrudisha majini ukiona umekosea. Aliyechomwa mkuki humrudishi. Kwa hiyo kazi ya samaki wa mbao ni kumfanya mgeni asimame, ageuze ubavu, mvuvi apate kumsoma kabla mkono haujashuka. Chambo hakijawahi kuombwa kazi hiyo.

(Watu wa Ziwa Nyasa, hasa upande wa Malawi, watakuwa wameshanipoteza tangu aya ya kwanza, kwa sababu kwao chambo ni samaki mwenyewe, tena mtamu, wa kuchoma. Samahani sana ndugu zangu.)

Hili neno decoy nimelifuatilia kuliko inavyonipasa, na nililokuta lilinirudisha nyumbani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Waingereza walilichukua kwa Waholanzi katika karne ya 17. Waholanzi walikuwa na mtego wa bata ulioitwa eendenkooi: eenden ni bata, kooi ni tundu, lile la kufungia ndege. De kooi ni "tundu lile". Mwingereza akasikia de kooi, akameza de pamoja na neno, likatoka decoy. Tusimcheke. Sisi tulimeza al ya Kiarabu ndani ya alasiri na ndani ya Alhamisi, na hakuna aliyeugua. Hilo kooi nalo limetoka Kilatini, cavea, ambalo kwa njia ya Kifaransa liliwapa Waingereza hao hao cage. Kwa hiyo decoy na cage ni ndugu wasiojuana, wote wawili maana yake tundu.

Mtego wenyewe ulikuwa wa akili. Kidimbwi kimezungukwa na miti, na kutoka kwenye kidimbwi kinachimbwa mifereji iliyopinda, imefunikwa wavu juu ya matao, inazidi kuwa myembamba hadi mwisho. Bata waliofugwa wanaogelea pale bila hofu, wa mwituni wakiwaona wanatua. Kisha kinakuja kimbwa kidogo, kinatokeza na kupotea nyuma ya pazia za matete. Bata hawali mbwa. Wanamfuata kwa udaku tu, wanataka kujua anaenda wapi, na wanaingia mferejini mpaka tundu likawafunga. Baadaye jina la tundu likahamia kwa yule bata aliyefugwa, na kutoka kwake likahamia kwa bata wa mbao, na kutoka kwa bata wa mbao hadi samaki wa mbao aliye mezani mbele yangu. Kote huko lilikopita halikugusa chakula.

Nilipofika hapo nikamkumbuka babu yangu, kule Ugenya, Kenya. Miaka mingi kabla ya ule wazimu wa mayai ya kware wa 2013, mzee alikuwa na mlingoti mrefu pembeni mwa shamba, na juu ya mlingoti vitundu vidogo vya ufito, na ndani ya kila kitundu kware mmoja. Sisi Wajaluo humwita aluru. Alfajiri, ukungu bado umelala, wale wa vitunduni walianza kulia, na kware wapitao njia wakisikia wenzao walishuka. Chini, kwenye nyasi, babu alikuwa ametega vitanzi. Ukimuuliza yule wa juu ni nani, hakukwambia chambo hata siku moja. Kwa Kiswahili chake cha sokoni alisema, "Huyo ni wa kuitia."

Wa kuitia. Waholanzi walikuwa na ndege na tundu, babu alikuwa na ndege na tundu, na babu ndiye aliyekuwa na jina bora, maana lake linasema kazi. Tena Kiswahili kinalikubali bila kusukumwa: kuita, kuitia, kisu cha kukatia, jiwe la kunolea, samaki wa kuitia. Nashangaa kwa nini tulikwenda kuazima neno la ndoana kwa kitu kisicho na ndoana.

Pwani nayo ina ushahidi wake. Zamani wavuvi wa kasa walimfunga chazo kamba mkiani, yule samaki mwenye kigae cha kunatia kichwani, wakamwachia aende akagande kwenye gamba la kasa, kisha wakavuta. Kasa sasa analindwa, na vizuri alindwe. Lakini hakuna mzee aliyemwita chazo chambo, ingawa alikuwa samaki kwenye kamba. Walijua anafanya kazi nyingine, wakamwacha na jina lake. Waojibwe, waliofanya uvuvi huu kwenye maziwa haya kabla ya walowezi wa Kizungu kufika na wanaoufanya hadi leo, wana kitenzi kizima kwa ajili yake: akwa'waa, kuvua kwa mkuki kupitia barafu. Neno moja. Sisi tunahitaji sentensi, na bado tunaikosea.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu limeshaletwa gerejini. Paiki ni mlafi, na mara nyingine humvamia samaki wa mbao akamng'ata. Wa kwangu wa mwaka juzi ana alama za meno kutoka shingoni hadi mkiani. Basi si chakula hicho? Kwa paiki labda. Lakini vuka mpaka uende Wisconsin, Ziwa Winnebago, ambako kila Februari watu huvua stajoni kwa mkuki katika msimu usiozidi siku 16. Stajoni hana meno. Mdomo wake uko chini ya kichwa kama bomba la kufyonzea, na chakula chake anakiokota topeni. Hata hivyo anapanda kuja kutazama kitu kinachoning'inia, na wavuvi wa huko hutundika chochote kinachoonekana, kuanzia samaki wa kuchongwa hadi makopo yaliyopakwa rangi. Kopo si chakula cha mtu. Anakuja kwa udaku, kama bata wa Uholanzi. Na hapa Minnesota wengi hutundika samaki hai badala ya wa mbao. Yule kwenye ndoana angekuwa chambo. Huyu aliyefungwa uzi mgongoni ili atembee-tembee ni wa kuitia. Mnyama ni mmoja, kazi mbili.

Kama bado una shaka, chonga mmoja. Paini laini au mwerezi, urefu wa kiganja na nusu. Umbo unalikata kwa msumeno, mwili unautoa kwa kisu, kisha msasa. Mapezi ni bati la kopo la maharagwe, unalikata kwa mkasi wa bati na kulichomeka kwenye mipasuo ubavuni. Mkia unaupinda kidogo upande mmoja, na hiyo "kidogo" ndiyo inayokula Jumamosi nzima, kwa sababu ukizidisha samaki anajizungusha kama kichaa na ukipunguza anashuka wima kama jiwe. Tumboni unachimba shimo, unamimina risasi iliyoyeyushwa, nje, mbali na watoto na mvuke wake. Mbao iwe imekauka kabisa. Mimi nilimimina kwenye mbao iliyotoka kuoshwa, risasi ikaruka juu na kupiga paji la kofia yangu. Kofia hiyo naivaa bado ili wageni waulize. Kisha unampeleka kwenye beseni la maji. Pete ya uzi mgongoni ikiwa mbele mno anainua pua, ikiwa nyuma mno anainamisha. Unaisogeza nusu ya upana wa ukucha. Unavuta uzi, unaachia, na kama Mungu amependa anateleza mbele kwa duara pana, taratibu, kama samaki asiye na haraka na mtu.

Kazi yote hiyo ni ya mwendo. Hakuna aliyeuliza ladha. Oscar Peterson wa Cadillac, Michigan (1887–1951, si yule mpiga piano), alichonga maelfu ya hawa akawauza kwa senti, na leo wakusanyaji hulipa maelfu ya dola kwa mmoja. Sijasikia mtu akitundika mnyoo ukutani.

Msimu kisheria unafunguliwa katikati ya Novemba, na leseni ya mkuki ni ya peke yake, ile ya ndoana haitoshi. Barafu nayo ina kalenda yake. Tunangoja ifike inchi 4 ndipo tunakanyaga, na kibanda tutakivuta hadi ziwa letu la upande wa Brainerd pengine mwezi wa Desemba. Ukifunga mlango ndani ni giza tupu, halafu tundu linawaka kijani kutoka chini, kwa mwanga unaopenya barafu huko nje, na unamwona samaki wako wa mbao akizunguka mita mbili chini ya viatu vyako. Hapo ndipo yule kijana wa Kisii ataelewa.

Minyoo yake haikupotea bure, tuliimwaga kwenye kiunga cha shemeji. Ujumbe wa Jumamosi ijayo nimeuandika mimi: "Tunachonga saa nne. Njooni na kisu, kopo tupu, na samaki wenu wa kuitia. Chambo leteni majira ya joto."