Chariti kea ni nini, na je, hospitali ya biashara inaweza kukufutia bili?

Chariti kea ni pale hospitali inapokufutia bili, yote au sehemu yake, kwa sababu kipato chako hakitoshi kuilipa. Sio mkopo wala sio mpango wa kulipa kidogo kidogo, na hurudishi hata senti. Kwa sisi tulioko Marekani, kwenye karatasi zao huwa wanaiandika "Financial Assistance", hayo ndo maneno ya kutafuta, na mara nyingi yapo nyuma ya bili kwa maandishi madogo kabisa kule chini ambako hakuna anayesoma.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara ni hili, hospitali yenyewe ni ya biashara, ina wenye hisa, inatafuta faida, kweli hao wanaweza kukusamehe? Jibu ni ndiyo, mara nyingi sana wanaweza, ila msingi wa huo msamaha ni tofauti na wa hospitali zingine na ndo hapo watu wanapochanganyikiwa, wakiwemo wahudumu wa kwenye ofisi ya bili wenyewe.

Iko hivi. Hospitali nyingi za Marekani sio za faida. Hizo hazilipi kodi ya mapato, na kwa kubadilishana na hiyo nafuu serikali kuu imezibana, kuna kifungu cha sheria ya kodi kinaitwa 501(r), kiliingizwa na ile sheria ya afya ya 2010 ya kipindi cha Obama. Kinasema lazima hospitali iwe na sera ya msaada iliyoandikwa, iitangaze, ikupe siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali ili uombe, na isianze mambo mazito kama kukushtaki kabla ya siku 120 kupita. Hospitali ya biashara inalipa kodi, kwa hiyo hicho kifungu hakiigusi kabisa. Na hizo sio chache, ni karibu robo ya hospitali za kawaida nchini, nyingi ziko huku kusini, Texas, Florida, Tennessee. Makampuni makubwa ni HCA, Tenet, Community Health Systems na Universal Health Services.

Na usidanganywe na jina. Mtu anaona hospitali inaitwa Mtakatifu fulani anajua ni ya kanisa. St. David's ya Austin na Methodist ya San Antonio zote zina mkono wa HCA ndani yake, ni ubia. Mission ya Asheville kule North Carolina ilikuwa sio ya faida mpaka 2019 HCA ilipoinunua kwa kama dola bilioni 1.5, jina likabaki lile lile. Kwa hiyo kabla hujaanza kuhangaika uliza tu kwa simu, hii hospitali ni ya faida au sio ya faida, watakwambia.

Kwa vile 501(r) haizigusi, ndo ukazuka ule uvumi kwamba "huko hawana chariti". Huo uvumi umewagharimu watu hela nyingi jamani. Kinachotokea ni kwamba haki yako inatoka sehemu zingine mbili, sheria ya jimbo na sera ya hospitali yenyewe.

Jimbo kwanza. Kuna majimbo yamesema sisi hatujali kama una wenye hisa au huna, ukiwa hospitali hapa utasaidia maskini. Washington ni hivyo, na tangu Julai 2022 hospitali zake kubwa zinatakiwa kufuta bili yote kwa mtu ambaye kipato chake hakizidi asilimia 300 ya kiwango cha umaskini (nitakieleza hapo chini), na kuipunguza kwa mwenye kipato kati ya asilimia 300 na 400. California sheria yao inafika asilimia 400. Colorado wana sheria iliyoanza kutumika 2022 kwa walio mpaka asilimia 250, malipo ya hospitali kwa mwezi hayaruhusiwi kuzidi asilimia 4 ya kipato chako cha mwezi na ukishalipa miezi 36 basi imeisha. New Jersey na Illinois nao wana za kwao. North Carolina walitumia njia nyingine, mwaka 2024 jimbo liliziambia hospitali mkitaka kuongezewa hela za Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, basi mkubali kusamehe madeni, na zote 99 zikakubali, za biashara zikiwemo. Ila Texas, ambako ndugu zetu wengi wapo, usitegemee sheria ya jimbo ikubebe kwenye hospitali ya biashara, hapo unabaki na sera yao wenyewe.

Na sera huwa wanayo. Karibu kila kampuni kubwa ya hospitali inayo, imeandikwa, iko kwenye tovuti yao. HCA kwa mfano wanasema kwenye taarifa zao rasmi kwamba mgonjwa aliyetibiwa kwa jambo lisilo la kupanga, mwenye kipato kisichozidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini, anaingia kwenye chariti, na anachotakiwa kulipa kinawekewa ukomo kulingana na kipato chake. Sio huruma tu hiyo. Wanajua bili ya mtu asiye na kitu hailipiki, wakiiuza kwa wakusanya madeni wanapata vijisenti, na serikali kupitia Medicare, bima yake ya wazee na baadhi ya walemavu, ina fungu inalotoa kwa hospitali zinazotibu maskini wengi na humo bili zilizofutwa kwa chariti zinahesabiwa, ziwe za hospitali ya faida au isiyo ya faida. Nakwambia hivi ili ukipiga simu usione unaomba sadaka. Unaomba kitu ambacho wenyewe wameshakitengea utaratibu na vitabu vyao vya hesabu vina mstari wake.

Hiyo asilimia ya umaskini nayo inawatisha watu bure. Kila mwaka serikali inatoa kiwango, 2025 kwa mtu mmoja kilikuwa dola 15,650, familia ya watu wanne 32,150, na watu sita 43,150. Wakisema asilimia 200 wewe zidisha mara mbili tu. Kwa hiyo familia ya watu sita inayoingiza 86,000 kwa mwaka, baba yuko gala la mizigo na mama anatunza wazee, bado iko chini ya asilimia 200! Watu wanasikia neno maskini wanasema mimi nafanya kazi mbili, hiyo sio yangu. Ni yako. Kitu kimoja tu kinachouma, wale tunaowatumia hela nyumbani kila mwezi kwa kawaida hawahesabiwi kwenye familia, wanahesabu wewe, mwenzi wako na watoto unaowaandika kwenye fomu yako ya kodi ya mapato. Lakini bado kuna mahali kwenye fomu nyingi pa kueleza hali yako kwa maneno, andika humo.

Nitoe mfano niliouona kwa macho. Kuna mama mmoja wa kanisani, Mkongo, alitolewa mawe ya nyongo kwa dharura kwenye hospitali moja ya biashara, sitaitaja. Alikuja kwangu na bahasha kwenye mfuko wa rambo, zingine hajafungua. Tukazimwaga mezani. Kumbe alikuwa ameshalipa dola mia kila mwezi kwa miezi minne, kwa sababu siku anatoka pale kaunta walimwekea karatasi akasaini, hakujua ni mpango wa kulipa, alidhani ni karatasi za kutokea. Nikamuuliza mama, walikuuliza kuhusu kipato chako? Akasema "mwanangu, waliniuliza kadi tu."

Tukapiga simu tukaweka spika. Dada wa kwanza akasema sisi ni hospitali ya biashara hatuna hicho kitu. Nikashukuru nikakata. Tukapiga tena, safari hii sikuuliza kama wanacho, nikasema naomba uniunganishe na mshauri wa fedha wa wagonjwa, na naomba mnitumie sera yenu ya msaada pamoja na fomu. Huyo wa pili akasema sawa, nakutumia leo. Fomu yenyewe kurasa mbili. Tukaambatanisha karatasi za mshahara za mwezi, fomu ya kodi ya mapato ya mwaka uliopita, na barua fupi. Tukapiga fotokopi kila kitu. Baada ya wiki kama tano ikaja barua, salio sifuri. Mama alinishika mkono akawa haongei. Zile mia nne alizokwisha kulipa ilibidi tuziombe kwa barua nyingine, zikarudi.

Lakini bili hazikuisha zote, na hapa naomba usome polepole. Hospitali inakutumia bili yake, halafu daktari wa imajensi anakutumia yake, wa usingizi yake, aliyesoma picha yake, maana wengi wao sio waajiriwa wa hospitali, ni makampuni mengine kabisa. Chariti ya hospitali mara nyingi haizifuti hizo. Mama yule zilimbakia mbili, moja tuliomba ikapunguzwa nusu, nyingine ilibidi alipe kidogo kidogo. Kwa hiyo angalia juu ya kila bili ni nani anakudai, na kila mmoja umwombe kivyake.

Kuna sheria nyingine watu wanaielewa kinyume, ile ya 1986 inaitwa EMTALA. Hiyo inasema hospitali yenye imajensi inayopokea Medicare, ya biashara au isiyo ya biashara, lazima ikupime na ikutulize hali hata kama huna senti wala bima. Haisemi utatibiwa bure. Utatibiwa, halafu bili itakuja. Usikae nyumbani na maumivu ya kifua kwa kuogopa bili, nenda, bili tutapambana nayo baadaye. Ila upasuaji wa kupanga ni hadithi nyingine, sera nyingi za hospitali za biashara haziuhusishi, kwa hiyo kama una tarehe ya upasuaji ongea nao kabla. Tangu 2022 mtu asiye na bima ana haki ya kupewa makadirio ya bei kwa maandishi kabla ya matibabu ya kupanga, na bili ikija imezidi yale makadirio kwa dola 400 au zaidi unaweza kuipinga rasmi, una siku 120.

Kabla ya kukupa chariti wengi watakutaka kwanza uombe Medicaid. Kubali kama unastahili, maana kwa sasa majimbo mengi yanaweza kurudi nyuma miezi mitatu na kulipa bili iliyokwisha kuja, ingawa sheria ya 2025 itapunguza hiyo miezi kuanzia 2027. Hata asiye na makaratasi kuna Medicaid ya dharura, na kujifungua kumo. Ila hapa niwe mkweli, tangu 2025 kuna mvutano mahakamani kuhusu taarifa za Medicaid kupelekwa kwa watu wa uhamiaji, kwa hiyo kama hali yako ina utata ongea na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, kisha waulize hospitali kama chariti yao inawezekana bila kupitia Medicaid.

Mkalimani ni haki yako pia, bure, kwa hospitali yoyote inayopokea hela za serikali kuu, na za biashara karibu zote zinapokea kupitia Medicare. Sema tu Swahili, watakuunganisha kwa simu. Tusiwatume watoto jamani. Nimeona mtoto wa miaka kumi na moja anamtafsiria baba yake deni la dola elfu kumi na tisa, ule uso sijausahau.

Kama bili imeshaenda kwa wakusanya madeni usikate tamaa, piga hospitali, sio wakusanyaji, uliza kama bado unaweza kuomba na kama watairudisha. Wengi wanairudisha. Usiilipie kwa kadi ya mkopo, na zile kadi za mkopo wa matibabu wanazokuwekea pale kaunta ukiwa bado na bandeji ziache, ukishalipa kwa kadi deni linakuwa la benki na hospitali haina tena cha kukufutia. Ukikwama na fomu kuna shirika linaitwa Dollar For, wanasaidia watu kuomba chariti bila kutoza chochote.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na ukate rufaa, mara nyingi ni karatasi moja tu ilikosekana. Na wakikubali soma tarehe kwenye barua, kwa sababu msamaha una muda, hospitali zingine miezi michache, zingine mwaka, na ukirudi kwa uchunguzi ndani ya muda huo iandikwe kwenye faili lako kabla hujapimwa. Barua ya yule mama iko kwenye mkoba wake mpaka leo, ndani ya Biblia.