Mfumo hauhesabu mifuko

Kila Oktoba, mvua zikikaribia, simu za kuulizia mfumo wa kompyuta wa mauzo na stoo, kutoka Mwanjelwa, Uyole, Tunduma na Makambako huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huwa na neno moja: "Nataka mfumo, nimechoka kuibiwa." Mwenye duka la pembejeo ameshaulizia bei, ameshaona wa jirani, na printa ya risiti ameshaichagua. Ila mifuko iliyopo stoo hajaihesabu. Hizi hapa dhana tano zinazotudanganya, dukani na ofisini.

Dhana: Mfumo ukishafungwa, wizi unaisha na kazi inanyooka.

Mfumo ni daftari lenye mbio. Linajua kilichoandikwa, basi. Kijana akiuza bila kuingiza mauzo, kompyuta itaendelea kukuonyesha kwamba mzigo upo, tena kwa maandishi mazuri.

Chukua mfuko mmoja wa urea, kilo 50. Umesajiliwa kama "mfuko", na kwenye mfumo ipo 40. Anakuja mama anataka kilo 3 za bustani ya mboga. Muuzaji afanye nini? Kwenye mfumo hakuna kilo. Anapima, anapokea hela, anatia droo, anasema ataandika mfuko ukiisha. Mwisho wa wiki, baada ya wateja wengi wa namna hiyo, mfumo unasema mifuko 40, stoo ina 37, na droo ina fedha ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi. Bosi anapiga kelele, kijana anafukuzwa. Anakuja mwingine, na tofauti iko pale pale, kwa sababu tatizo lilikuwa kipimo.

Halafu kuna upungufu wa kupima, ambao hakuna anayetaka kuusikia. Mfuko wa kilo 50 ukiuzwa kilo moja moja hautoi kilo 50. Mshale wa mizani unaachwa upite kidogo ili mteja aridhike, punje zinamwagika, na urea iliyoachwa wazi inavuta unyevu na kushikana mabonge. Ukipata 49 umepima vizuri. Sasa piga hesabu: kilo moja kwa kila mfuko, kwenye mifuko 100 ni kilo 100. Hiyo ni mifuko miwili mizima "imeibiwa" na hakuna mwizi.

Dawa yake: sajili bidhaa kwa kilo, kisha uueleze mfumo kwamba mfuko ni kilo 50. Kufungua mfuko kuwe tukio linaloandikwa, kwa tarehe na jina la aliyefungua. Ruhusu upungufu wa kilo moja kwa kila mfuko uliofunguliwa. Ukizidi hapo, uliza.

Kabla hujalipa hata senti, hesabu stoo duka likiwa limefungwa. Watu wawili, kila mmoja na karatasi yake, wasioneshane. Mstari unaotofautiana unahesabiwa upya. Kisha jina la bidhaa liwe moja: "Urea", "UREA 50" na "mbolea ya kukuzia" kwa kompyuta ni bidhaa tatu, kila moja na salio lake la uongo. Amua pia nani anaruhusiwa kufuta risiti au kushusha bei, na asiwe yule yule anayeuza. Nywila iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi na kubandikwa kaunta haimlindi mtu, maana kosa likitokea, kila muuzaji alikuwa ameingia kwa jina lile lile la "admin", la msimamizi mwenye ruhusa zote. Wiki mbili za kwanza, daftari na mfumo viende pamoja. Baada ya hapo, kila jioni chagueni bidhaa tano mzihesabu kwa mkono. Ni dakika kumi, na hapo ndipo mauzo yasiyoandikwa yanapokamatwa.

Na Novemba si mwezi wa kufunga mfumo. Foleni iko mlangoni, nani atajifunza kubonyeza? Duka la pembejeo lifunge mfumo Juni au Julai. Chama cha ushirika cha kahawa kule Mbozi kifanye kinyume chake: Februari, kabla matunda hayajaanza kuiva.

Tundu kubwa kuliko yote, tukisema kweli, mara nyingi ni bosi mwenyewe. Anapita na pikapu jioni, anachukua mifuko sita ya shambani kwake, "nitaandika kesho". Kesho haifiki. Wafanyakazi wanaona, nao wanajua kuandika ni kwa ajili ya wadogo. Hakuna programu ya kurekebisha hilo. Achukue, lakini akatiwe hati kama mteja yeyote.

Dhana: Ubunifu ni wa vijana wa grafiki.

Mtunza stoo anayefunga utepe wa rangi kwenye kila mzigo wa mbegu kulingana na mwezi ulioingia, ili wa zamani utoke kwanza, ni mbunifu. Ameokoa mbegu zisipitwe na muda kwa gharama ya utepe. Tatizo ni kwamba wazo kama lake halisikiki kwenye kikao ambacho mkubwa anaongea kwanza. Akishasema, waliobaki wanaunga mkono. Gawa vikaratasi, kila mtu aandike wazo moja kabla mtu hajafungua mdomo.

Dhana: Kundi la WhatsApp linatosha kuongoza ofisi.

Linatosha kutangaza msiba na kikao. Agizo lililotolewa kwa sauti ya dakika nne saa tano usiku, chini yake kuna salamu kumi na picha ya keki, halina mwenyewe. Andika mistari mitatu: nini kifanyike, nani afanye, mwisho lini.

Dhana: Akili mnemba (AI) itaandika ripoti, sisi tutasaini.

Itaandika, tena Kiswahili laini, na pale isipo na takwimu itatunga. Ipe namba zako mwenyewe, kisha kagua moja moja kama zimebaki zilezile. Orodha ya wateja yenye majina na simu usiibandike humo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inagusa hata duka dogo. Namba hizo za simu, kwa njia, kwenye Excel ziwekwe kama maandishi. Ukiziacha zihesabiwe kama tarakimu, sifuri ya mwanzo inafutika, na malipo ya simu hayatalingana na jina lolote.

Dhana: Tuna UPS, umeme ukikatika tunaendelea.

UPS ni kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Ile ndogo ya dukani inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima, si za kuuzia. Betri yake inachoka baada ya miaka michache hata kama taa ya kijani inawaka, kwa hiyo ijaribu: chomoa ukutani siku ambayo hakuna kazi, uone inashika muda gani. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na itaangusha kila kitu. Na ile flashi yenye nakala ya kumbukumbu za mfumo isikae kwenye droo ya meza ya kompyuta. Mwizi anayebeba kompyuta atabeba na droo.